"Mwambie shangazi tulikwenda wapi jana": mazungumzo ya mzazi na kumbukumbu ya mtoto mdogo

#1 Mleta mada

Wadau, naomba nianze na tukio ambalo karibu kila mzazi amewahi kulishuhudia. Mgeni amekaa sebuleni, mtoto wa miaka mitatu anaitwa, kisha anaambiwa: "Mwambie shangazi tulikwenda wapi jana." Mtoto ananyamaza. "Si tulikwenda mahali? Tuliona nini? Sema, tuliona nini?" Mtoto anachezea pindo la nguo yake. Mzazi anacheka kwa haya kidogo na kutoa hukumu: "Huyu bado hajui kukumbuka." Hukumu hiyo ina ukweli, ingawa si kwa maana aliyoikusudia mzazi. Kuyakumbuka maisha yako na kuyasimulia ni kazi ambayo mtoto hufundishwa, na mwalimu wake mkuu ni yule yule aliyemsimamisha mbele ya mgeni na kumpa mtihani.

Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya maisha yao kabla ya kufika umri wa miaka mitatu hivi, na kutoka hapo hadi miaka sita au saba wana vipande vichache visivyoshikana. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza akili ya binadamu, aliandika kuhusu usahaulifu huu wa utotoni mwaka 1905, akaueleza kwa matamanio yanayozikwa moyoni, maelezo ambayo watafiti wengi wa leo wameshayaacha. Kinachoshangaza ni kwamba mtoto mwenyewe, akiwa bado mdogo, anakumbuka vizuri tu. Mwaka 2014 Patricia Bauer na Marina Larkina walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka mitatu walizungumza na mama zao kuhusu mambo yaliyowapata karibuni, na miaka kadhaa baadaye makundi tofauti ya watoto hao yakaulizwa kuhusu mambo yale yale. Walioulizwa wakiwa na umri wa miaka mitano, sita au saba walikumbuka asilimia 60 ya matukio au zaidi. Walioulizwa wakiwa na miaka minane au tisa hawakufikia asilimia 40. Kwa hiyo kumbukumbu zile zilikuwapo, zikadumu kwa miaka, kisha zikapotea mtoto akiwa tayari anakwenda shule na anazungumza bila shida. Usahaulifu wetu, basi, si wa uchanga peke yake. Sehemu kubwa yake hutokea baadaye, na hapo ndipo inafaa kuuliza ni kumbukumbu zipi hubaki na ni kwa nini hizo.

Wanasaikolojia Katherine Nelson na Robyn Fivush, ambao nadharia yao ya mwaka 2004 ndiyo ninayoiegemea zaidi, wanasema kwamba kumbukumbu ya maisha binafsi hujengeka kwa nyuzi kadhaa zinazosukwa pamoja: lugha inayokua, kujitambua kwa mtoto kama mtu mwenye jana na kesho, uwezo wa kuelewa kwamba wengine wana mawazo yao, na mazungumzo na watu wazima kuhusu yaliyopita. Uzi huo wa mwisho ndio ulio mikononi mwetu. Watafiti waliorekodi wazazi wakizungumza na watoto wao waligundua kwamba wote huuliza habari za zamani, lakini hawaulizi kwa namna moja. Tuchukue siku ambayo familia ilipanda mashua. Mzazi wa kwanza:

– Tulipanda nini siku ile?
– (kimya)
– Tulipanda nini?
– Gari.
– Hapana. Fikiri vizuri. Tulipanda nini?

Na mzazi wa pili:

– Unakumbuka tulipopanda mashua, upepo ukachukua kofia ya baba?
– Kofia!
– Eee, kofia ikaangukia majini, ikawa inaelea kama bata. Baba akafanyaje?
– Akapiga kelele.
– Alipiga kelele kweli, na wewe ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Ni nini kilichokuchekesha vile?

Mzazi wa kwanza ana jibu moja kichwani na anamsubiri mtoto alifikie. Mzazi wa pili anatoa kipande, anapokea kipande, anakithibitisha, kisha anaongeza kingine. Watafiti huuita mtindo wa kwanza wa kurudia na wa pili wa kupanua. Mwaka 1993 Elaine Reese, Catherine Haden na Fivush walitoa matokeo ya kuwafuatilia mama na watoto tangu watoto wakiwa na umri wa miezi 40 hadi miezi 70, na ikaonekana kwamba kadiri mama alivyopanua zaidi mwanzoni, ndivyo mtoto alivyotoa kumbukumbu nyingi zaidi katika mazungumzo ya baadaye. Jambo ninalolipenda katika kazi ile ni kwamba faida haikuishia kwenye tukio lililozungumzwa. Mtoto aliyezoea kupanuliwa habari za mashua alisimulia kwa utajiri hata mambo mengine kabisa. Alichojifunza ni umbo la kisa: kwamba kina mahali na watu, kina kilichotangulia na kilichofuata, kina sababu, na kina jinsi mtu alivyojisikia.

Mazungumzo yanayofanyika wakati tukio lenyewe linaendelea nayo yana nguvu yake. Minda Tessler na Nelson waliwafuata mama na watoto wao wa miaka mitatu na nusu hivi ndani ya jumba la makumbusho, wakasikiliza nani anasema nini mbele ya kitu gani. Watoto walipoulizwa baadaye, vitu walivyovikumbuka ni vile ambavyo mama na mtoto walivizungumzia pamoja. Kitu alichokitaja mama peke yake hakikubaki. Hata alichokitaja mtoto peke yake bila kuitikiwa hakikubaki. Hilo la pili lilinigusa zaidi. Mtoto ameona, amesema, hakuna aliyemjibu, na limepotea.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa mada, lakini nina shaka moja. Kuna watoto wanaozaliwa wasemaji. Mtoto wa namna hiyo humfanya mzazi yeyote azungumze, na mtoto mkimya humchosha hata mzazi mwenye subira. Tutajuaje kwamba mtindo wa mzazi ndio uliojenga kumbukumbu, na si kumbukumbu nzuri ya mtoto iliyomvuta mzazi katika mtindo huo? Zaidi ya hayo, mzazi mwenye maneno mengi humrithisha mtoto wake damu pamoja na maneno.

#3 Mleta mada

Shaka yako ni ya haki, na watafiti wenyewe walikuwa nayo. Njia pekee ya kuitatua ni kuwachukua wazazi, kuwagawa kwa bahati nasibu, na kuwafundisha baadhi yao kupanua huku wengine wakiendelea kama kawaida. Elaine Reese na Rhiannon Newcombe walifanya hivyo Nyuzilandi, kwa mama 115 ambao watoto wao walikuwa hawajatimiza hata miaka miwili au wameipita kidogo tu, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Mafunzo yenyewe yalikuwa mepesi: uliza maswali yanayoanza kwa nani, nini, wapi, kwa nini; mtoto akijibu, msifu na ongeza; asipojibu, usirudie swali lile lile, bali tia habari mpya ndani yake. Mama waliofundishwa walibadilika kweli, na watoto wao walitoa kumbukumbu tajiri zaidi walipozungumza nao.

Hata hivyo matokeo hayakuwa sawa kwa wote. Watoto walipozungumza na mtafiti, yaani mtu asiyejua kilichotokea, waliofaidika ni wale waliokuwa wameshaanza kujitambua tangu mwanzo. Kipimo cha kujitambua katika umri huo ni cha kale na rahisi: mtoto anapakwa alama usoni bila kujua, anasimamishwa mbele ya kioo, na tunaangalia kama atagusa kioo au atagusa uso wake mwenyewe. Kwa hiyo hujakosea kabisa. Mtoto naye ana mchango wake, na kadiri anavyokua ndivyo uwezo wake unavyomvuta mzazi azungumze zaidi. Mimi nakataa tu kusema kwamba mzazi ni abiria.

Watoto wa jaribio lile waliendelea kufuatiliwa. Walipokuwa na miaka 15, wale ambao mama zao walifundishwa walisimulia vipindi vigumu vya maisha yao kwa uelewa zaidi wa jinsi vilivyowabadilisha, na walikuwa na dalili chache zaidi za huzuni kubwa. Kwa mafunzo yaliyotolewa mtoto akiwa bado anajifunza kutembea vizuri, naona hilo si jambo dogo.

Kuhusu damu, naongeza hili. Mwaka 2000 Shelley MacDonald na wenzake waliwauliza watu wazima wa Nyuzilandi kumbukumbu yao ya kwanza. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao utamaduni wao hutilia mkazo sana historia ya ukoo na masimulizi ya waliotangulia, wastani ulikuwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kwa wenye asili ya Ulaya ulikuwa karibu miaka mitatu na nusu, na kwa wenye asili ya Asia ulikaribia miaka mitano. Sitaki kuujenga mnara mzima juu ya utafiti mmoja, lakini tofauti hizo zinaelekea upande ambao nadharia ingeutarajia: panapothaminiwa na kusimuliwa sana yaliyopita, kumbukumbu ya kwanza huja mapema.

#4 Mchangiaji wa pili

Nimesoma mifano yako miwili nikajitambua, kwa bahati mbaya, katika yote miwili. Nina binti na mwana waliopishana miaka miwili. Kwa binti nasema, "Ulijisikiaje rafiki yako alipoondoka?" Kwa mwana nasema, "Mlicheza? Nani alishinda?" Sikuwahi kukaa nikaamua iwe hivyo.

#5 Mleta mada

Hauko peke yako. Katika tafiti za familia za Marekani za miaka ya 1990, baba na mama kwa jumla walipanua zaidi walipozungumza na mabinti kuliko na wana, na walitaja hisia, hasa huzuni, mara nyingi zaidi kwa mabinti. Wanawake wazima nao, kwa wastani, husimulia kumbukumbu za utotoni zilizo ndefu na zenye hisia zaidi. Tumezoea kusema kwamba wanaume hawakumbuki mambo ya nyumbani kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Pengine hakuna aliyewauliza walijisikiaje walipokuwa na miaka minne.

#6 Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika mashauri ambayo watoto hutoa ushahidi, na kwa sababu hiyo uzi huu unanipa baridi mgongoni. Mnasifu mazungumzo yanayojaza kumbukumbu ya mtoto. Mimi nimeona kumbukumbu zilizojazwa mno.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alisimulia kwamba kumbukumbu yake mojawapo ya mapema kabisa ilikuwa ya mtu aliyejaribu kumteka akiwa katika kigari cha mtoto, yaya wake akipambana na mtu huyo hadi akapata mikwaruzo usoni. Aliiona picha nzima akilini: umati, askari, na mikwaruzo yenyewe. Alipokuwa na miaka kama 15, wazazi wake walipokea barua kutoka kwa yaya yule, akikiri kwamba alikitunga kisa chote na akitaka kurudisha saa aliyozawadiwa kwa ushujaa wake. Piaget alikuwa amekisikia kisa hicho utotoni, akakigeuza kuwa jambo aliloliona kwa macho yake.

Gabrielle Principe na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba si lazima hata mtoto aambiwe moja kwa moja. Watoto wa shule ya awali walitazama mazingaombwe ambayo sungura alishindwa kutokea kofiani. Baadhi yao walisikia watu wazima wakisemezana kwamba sungura alitoroka na yumo humo shuleni, na wengine walisikia tu kutoka kwa wenzao darasani. Baadaye wengi katika makundi hayo walisimulia habari za sungura aliyetoroka, na wapo waliosema walimwona kwa macho yao. Sasa niambie, mleta mada: huyo baba wa kofia inayoelea kama bata, ikiwa kofia haikuanguka majini bali iliangukia ndani ya mashua, mtoto atakumbuka nini?

#7 Mleta mada

Atakumbuka bata. Nakubali bila kujitetea.

Kumbukumbu si kabati tunalofungua na kukuta nguo zimekunjwa vile vile tulivyoziacha. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, na mtoto mdogo hujenga kwa matofali tunayompa, kwa kuwa bado hajui vizuri kutofautisha alichokiona, alichokisikia na alichokiwazia. Uwezo huo wa kujua chanzo cha habari hukua taratibu katika miaka ya kabla ya shule na hata baada yake. Kwa hiyo nguvu inayohifadhi ndiyo inayopotosha, na sioni namna ya kuchukua moja na kuiacha nyingine.

Hata hivyo tutenganishe mambo mawili. Kupanua si sawa na kuelekeza. Swali la "Baba akafanyaje?" linafungua mlango, swali la "Baba alikasirika, sivyo?" linamsukuma mtoto kupita mlango ambao mzazi ameshauchagua. Na mtoto anapokataa, anaposema "Hapana, halikuwa hivyo," pale pana kazi muhimu kuliko zote, nayo ni kumsikiliza anavyoliona yeye. Katika tafiti za mtindo wa kupanua, mzazi anahesabiwa kuwa amepanua vizuri anapofuata alichokileta mtoto na kukithibitisha. Mzazi anayezungumza peke yake kwa dakika kumi huku mtoto akitikisa kichwa anahutubia.

Kuhusu kazi yako, nakubaliana nawe kabisa: pale ambapo mtoto anaweza kuwa shahidi wa uovu, mzazi asipanue. Asikilize, anukuu maneno ya mtoto yalivyo, na amwache mtoto ahojiwe na mtu aliyefundishwa kuuliza bila kuongoza. Huko lengo ni ushahidi. Nyumbani, kisa cha mashua hakiendi mahakamani.

#8 Mchangiaji wa nne

Samahani kwa kuingiza jambo la huzuni. Mwanangu alilazwa hospitali akiwa na miaka mitatu na miezi michache, akafanyiwa vipimo vilivyomuumiza sana. Tulipotoka, mimi na mwenzangu tulikubaliana tusilitaje tena ili alisahau. Sasa ana miaka mitano na akiona mtu amevaa koti jeupe anatetemeka. Je, tulikosea?

#9 Mleta mada

Pole sana, na pole kwa mtoto. Mlifanya ambalo wazazi wengi wenye upendo hufanya.

Kuna utafiti unaokaribia sana hali yenu. Mwaka 1994 Gail Goodman, Jodi Quas na wenzao walizungumza na watoto wa miaka mitatu hadi 10 waliofanyiwa kipimo cha kibofu chenye maumivu na fedheha. Watoto ambao mama zao waliwafariji na kuwaeleza kilichotokea walifanya makosa machache zaidi walipokisimulia kipimo hicho. Ukimya haukuifuta habari. Uliiacha bila mpangilio. Hofu haihitaji maneno ili ikae mwilini, lakini mtoto anahitaji maneno ili aelewe kwamba jambo lile lilikuwa na mwanzo, lilikuwa na sababu, na lilikwisha.

Katika mazungumzo kuhusu mambo mabaya, wazazi kwa kawaida hutumia maneno mengi zaidi ya sababu kuliko wanapozungumzia furaha, na nadhani ndiyo njia sahihi, kwa kuwa siku ya furaha haidai maelezo. Mimi ningeanza na sehemu ambayo ninyi mlikuwapo: "Ulipokuwa umelazwa, nilikaa karibu na kitanda chako usiku kucha." Kisha ningesubiri. Akileta sindano, mpokee na sindano yake, umwambie iliuma kweli na kwa nini daktari aliitumia. Akikimbilia mchezo wake, mwache akimbilie. Mimi si tabibu. Na kwa kuwa hofu ya kutetemeka imedumu hadi sasa, nawashauri mumwone mtaalamu wa afya ya akili ya watoto.

#10 Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi. Juma lililopita nilijaribu mambo haya kwa mwanangu wa miaka mitatu na nusu. Tulikuwa tumesafiri kwa treni kwa mara ya kwanza, safari niliyoiandaa miezi mitatu, na nilitaka akumbuke daraja refu lililopita juu ya mto. Nikaanza vizuri, nikamweleza mto, nikamweleza jinsi magurudumu yalivyobadilisha mlio. Akaniangalia, akasema: "Kulikuwa na sisimizi."

Nikamwambia hapana, tulikuwa ndani ya treni. Akasema tena: "Sisimizi, kwenye dirisha." Nikamrudisha kwenye daraja. Akanyamaza, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilipoandika haya ndipo nilipokumbuka kwamba tulikaa karibu saa nzima kwenye kituo tukisubiri, na kwamba alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha la chumba cha kungojea.

#11 Mleta mada

Mwulize sisimizi walikuwa wanakwenda wapi.

#12 Mchangiaji wa kwanza

Nimemuuliza leo asubuhi. Walikuwa wanabeba bawa la kipepeo, anasema, na mmoja alianguka, na mimi nilikuwa nikizungumza kwa simu. Kuhusu bawa sina hakika. Kuhusu simu ni kweli.